Sahihi za Siku ya Posa

Tegua hiki, wewe uliyekaa hapo ukijiona una akili. Ana miguu miwili mizuri, lakini mlima ameupanda kwa gari. Ana masikio, lakini maneno ya watu anayasikia kwenye karatasi. Ameandika kwamba kijiji kizima kimekubali, na kijiji chenyewe hakijaulizwa hata habari za asubuhi. Nani huyo?

Utasema kasuku. Utasema mtu wa redioni. Umekosa, nipe mji. Tunduma? Tunduma sitaki, baki nayo na malori yake na vumbi lake. Nipe Vwawa, nina ndugu pale wa kunipikia. Haya, nimefika Vwawa, nimekaribishwa, nimepewa chai ya maziwa, na sasa nakutegulia: ni Injinia Ezron, kijana aliyekuja kumposa mjukuu wangu Atuganile.

Na usidhani nilimchukia tangu mwanzo. Nilimpenda kama mjinga. Kijana mrefu, meno meupe, sauti laini ya kubembeleza mtoto alale. Kila alipofika kwetu alinipigia goti mimi kikongwe na kusema, "Shikamoo bibi. Mke wangu mkubwa hajambo?" Nami namjibu, "Marahaba, mume wangu. Leo umeniletea nini, au umekuja na meno tu?" Tunacheka mpaka machozi. Ndio utani wetu, bibi na mchumba wa mjukuu. Kumbe mwenzangu anacheka huku kalamu iko mfukoni.

Atuganile, ambaye nyumbani tunamwita Atu, ni mtoto wa mwanangu Asajile. Nimemlea mimi tangu ana miaka miwili, mama yake alipofariki, kwa hiyo ukitaka kujua ule ukali ameutoa wapi, usitafute mbali. Kazi yake ni mshauri wa mazingira. Mimi niliishia darasa la nne, basi nitakueleza kama nilivyoelewa. Barabara kuu ya kwenda Tunduma inapanuliwa, maana malori yamekuwa mengi kuliko watu. Sasa kabla kampuni haijachimba kifusi mahali, lazima mtu atangulie kuangalia: maji yanatoka wapi, makaburi ni ya nani, wenyeji wanasemaje. Anaandika, wakubwa wanasoma, ndipo wanaruhusu au wanakataa. Mtu huyo ni Atu wangu, mwaka wa pili kazini, na kizibao chake cha njano kinachong'aa, na mabuti makubwa kuliko ya baba yake.

Watu wakamcheka. Ndugu zetu wenyewe walimcheka. "Miaka minne chuo kikuu, kwenda kuhesabu vyura?" Kule kambi ya kampuni madereva wa mitambo walimpa jina kabisa, Dada Vyura. Na wa kwanza kulitamka jina hilo hadharani alikuwa huyo huyo Ezron, siku waliyokutana. Atu alikuwa amekuta mapipa ya oili yanavuja kandokando ya kijito akasema katapila isimame. Ezron, injinia wa kampuni, akashuka garini, akavua miwani, akawaambia vijana wake, "Endeleeni, huyu ni Dada Vyura tu." Unajua alichofanya mtoto wangu? Alinunua hindi la kuchoma, akaenda kusimama mbele ya sahani ya katapila, lile bamba la kusukumia udongo, akalitafuna punje moja moja. Alipomaliza hindi, mapipa yalikuwa yameshahamishwa na Ezron alikuwa ameshapenda.

Alinisimulia haya tukipukuchua maharage, na kila alipofika kwenye jina la Ezron, ganda lilimponyoka mkononi. Nikajua. Mtu asiyependa haangushi maganda.

Basi, posa ikaja. Nikueleze jambo moja la ukoo wetu, maana bila hilo hutaelewa kitu. Kwetu, siku ya posa kila aliyehudhuria anaandika jina na kutia sahihi. Lilianza siku alipoolewa dada yake Asajile. Kuna baba mdogo mmoja alikula nyama ya posa mpaka akalegeza mkanda, halafu Jumapili akatangaza nje ya kanisa kwamba hakushirikishwa. Tangu siku hiyo, mtu hali kabla hajasaini.

Kwa kawaida tunachana ukurasa wa daftari. Lakini siku Ezron alipoleta barua, wiki tatu zilizopita, akanyanyuka mwenyewe akasema, "Baba, msihangaike na daftari, nina fomu kwenye gari." Akarudi na karatasi nyeupe zilizopigwa mistari kwa mashine: namba, jina, jinsia, wadhifa, simu, sahihi. Juu kabisa palikuwa patupu. Tukaona kweli hii ni posa ya kisomi.

"Wadhifa ndio nini, mume wangu?" nikamuuliza.

"Wewe ni nani katika shughuli hii, bibi. Andika tu."

Nikaandika kwa mwandiko wangu wa darasa la nne, herufi moja inapanda, nyingine inashuka: *Bibi wa bi harusi.* Asajile akaandika *Baba mzazi.* Mzee Nikodemo, mshenga waliyemtoa Mlowo, akaandika *Mshenga.* Mama mkubwa wa Ezron akaandika *Mama mkubwa* kwa wino wa zambarau. Tulikuwa kumi na tisa. Ezron akazikunja akasema atatutolea nakala nzuri mjini. Tukamshukuru! Mimi ndiye niliyeshukuru kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jumamosi hii ndiyo ilikuwa siku ya kujibiwa.

Wakafika saa nane mchana, watatu: Ezron, Mzee Nikodemo na mama mkubwa, Violet. Huyu Violet ni wakala wa forodha kule mpakani, mwanamke aliyezoea kusimamisha malori kwa kidole. Wigi lake rangi ya hindi bivu. Alipofika sebuleni alitoa leso kwenye mkoba akakifuta kiti, kile kile alichokifuta wiki tatu zilizopita, kama vile tangu hapo tulikuwa tukifugia kuku juu yake.

"Karibu ukae, mama," Asajile akasema.

"Nimekaribia, baba Atu. Bado nafuta." Akaketi kwa ncha. "Hivi bado mnachota maji pale chini?"

"Tunachota Kwa Ketrina," nikamjibu. Ketrina alikuwa mama mkwe wangu. Ndiye aliyezibua chemchemi ile chini ya mlima wetu kwa jembe lake, na mpaka leo kijiji kizima kinakunywa hapo.

"Mwebantu!" akasema. Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na biashara zake zimempa Kibemba cha kuwashangaa watu. "Mwaka huu wa simu na satelaiti, mtu anabeba ndoo! Ezron mwanangu, binti huyu una kazi ya kumwokoa."

"Mama mkubwa," Ezron akanong'ona.

"Si nasifu? Na ile kazi yake vipi, bado anapima vumbi?"

"Vumbi, maji na kelele," Asajile akasema. Alikuwa amevaa koti lake la ushemasi, shingo imembana.

"Kelele nayo inapimwa! Basi aje Tunduma kwangu, akapime bure."

"Mdomo pia unapimwa, mama," nikasema, "ila kifaa chake bado hakijaletwa. Wanasema ni kizito, kinahitaji lori."

Mzee Nikodemo akakohoa kikohozi cha mtu anayeficha kicheko. Violet akanitazama kuanzia kilemba mpaka kandambili, akarudi juu taratibu, akaona hapakuwa na kitu njiani cha kumsimamisha. Nami nikamtazama wigi.

Kisha jembe likawekwa. Kwetu posa ni jembe jipya lisilo na mpini, limefungwa kwenye kanga, linalazwa kwenye mkeka katikati ya watu. Binti anaitwa, anaulizwa mbele ya wote. Akisema tupokee, baba yake analiinua. Akisema tusipokee, wenye jembe wanaondoka nalo, na hakuna wa kumlazimisha. Asajile mwenyewe alikaa wiki nzima bila usingizi nilipolipeleka la kwake.

Atu akaingia. Amevaa kitenge cha bluu nilichomshonea, nywele amezisuka upya, akapiga magoti kando ya mkeka. Ezron akamtazama. Nisimnyime haki yake: alimtazama kama mtu aliyefika nyumbani baada ya safari ya miguu. Lile tabasamu la meno meupe halikuwepo, lilikuwa dogo, la kweli, la pembeni ya mdomo. Na Atu akamtazama. Macho yale niliyaosha mimi tangu utotoni, nayajua. Yalikuwa na mapenzi tele na yalikuwa mekundu, na nikajiuliza usiku uliopita aliutumiaje.

"Atuganile mwanangu," Asajile akasema, "wageni hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu, baba."

"Wameleta jembe. Tupokee, tusipokee?"

Bati likalia kwa jua. Violet akaacha kujipepea. Mimi tayari nilikuwa nimevuta pumzi ya kigelegele.

"Baba," Atu akasema, "kabla sijajibu, naomba niongee na Ezron. Nje."

"Haijapata kutokea!" Violet akasema. "Anaulizwa swali la neno moja, anaomba mkutano!"

Asajile akanitazama. "Mama?"

"Waende," nikasema. "Mimi nitakaa nao, si vibaya."

Maana kwetu binti haongei na mposaji peke yao kabla ya jibu. Bibi yake anakuwepo. Tukazunguka nyuma ya nyumba, kwenye vichanja vya kahawa. Nikaketi kwenye kigoda nikaanza kuchambua punje mbovu, na wao wakasimama upande wa pili wa kichanja. Hapo nikawa kama sipo. Uzee una faida hiyo moja, watu wanakusahau upesi.

Ezron akaanza kwa upole. "Atu, umenitisha. Na umekonda. Tangu Jumatano hupokei simu." Akanyoosha mkono juu ya kahawa.

Atu hakuushika. Akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye pindo la kitenge, akaiweka kwenye kile kiganja kilichokuwa kinangoja vidole. "Soma."

"Nini hii?"

"Kiambatisho cha saba cha ripoti ya machimbo. Soma kwa sauti, bibi asikie."

Akaifungua. Nilimwona uso ukibadilika. Kwanza midomo, halafu masikio.

"Atu, tafadhali. Haya ni mambo ya kazi."

"Basi nitasoma mimi, nimeshaijua kwa moyo. 'Mahudhurio ya mkutano wa wadau kuhusu machimbo ya kifusi, mlima wa Kwa Ketrina. Wote waliohudhuria wameridhia.' Namba moja, Asajile Mbonile, wadhifa, baba mzazi. Namba mbili, Nikodemo, wadhifa, mshenga. Namba tano..." Akanitazama mimi. "Namba tano, wadhifa, bibi wa bi harusi."

Punje zikanimwagika.

Mimi? Mimi niliyeridhia? Nikamwangalia yule kijana. Mlima ule ndio unaoyatoa maji yale. Ukiuchimba tumbo, chemchemi inakufa, hata mtoto wa chekechea anajua. Na walipotaka kuonyesha kwamba wenyeji tumekubali tuchimbwe, wamechukua sahihi niliyoitia kwa furaha!

"Hukufuta, Ezron," Atu akasema taratibu. "Ndicho kinachoniumiza. Uliandika kichwa cha habari juu, ukaacha neno 'bi harusi' lilale pale pale."

"Punguza sauti."

"Nani anasikia? Wadau?"

"Sikiliza." Akazunguka kichanja, akasimama karibu naye. "Una miaka miwili kwenye hii kazi. Ukiwa na kumi utaelewa. Mkutano ungefanyika tu, na wangekubali tu, wangepewa soda na biskuti wakasaini. Mimi nimeokoa wiki mbili. Barabara ya nchi nzima inasubiri kifusi, Atu, wewe unazungumzia kidimbwi!"

"Kidimbwi?"

"Sikumaanisha..."

"Hicho kidimbwi ndicho kilichooshea nepi zangu. Ulikunywa maji yake siku ya barua. Vikombe viwili, ukasema matamu."

Jasho lilikuwa limemtoka kwenye kola ile nyeupe iliyopigwa pasi kwa ajili yetu.

"Ripoti inakwenda Jumatatu," akasema mwishowe, "wewe ndiye uliyeiandaa, jina lako liko chini. Ukiipitisha, hakuna tatizo kwa mtu."

"Karatasi nimeshaiondoa. Nimeandika kwamba kijiji hakijaulizwa, na nimemweleza mkuu wangu karatasi ilitoka wapi. Jana jioni."

Nakwambia, nilimwona yule kijana mrefu akifupika.

"Umeniua. Wataniondoa."

"Huenda."

"Na ukaniacha nije leo? Na mama mkubwa? Na jembe?"

"Ndiyo."

"Ili unidhalilishe mbele ya wazee?"

"La. Ya kazini nimeyapeleka kazini, huko watayaamua. Hapa nataka kujua la nyumbani." Akamkazia macho. "Siku ile, Ezron. Ulipofika hapa na zile fomu kwenye gari. Ulikuwa umekuja kuniposa mimi, au ulikuwa umekuja kukusanya sahihi?"

Akacheka. Kicheko kikavu, hakikufika popote. "Swali gani la kitoto hilo?"

"Nijibu."

"Unanidharau, Atu."

"Bado. Nasubiri jibu kwanza."

Akanigeukia mimi, akakumbuka kwamba nipo. Akalileta lile tabasamu la zamani. "Bibi, mke wangu mkubwa, hebu mwambie huyu. Nisaidie."

"Mimi nisemeje, baba?" nikamwambia. Sikumwita mume. "Mimi si nimeshasaini kwamba nimeridhia? Karatasi inatosha, usinisumbue."

Akamrudia Atu, na sasa sauti ilikuwa nyingine, ya chini, ile ya kubembeleza. "Nani alikuletea uji ulipolazwa na malaria? Nani alikaa kwenye benchi la zahanati siku mbili, simu zote zinalia, akazima?"

"Wewe."

"Nani amejifunza majina ya vyura wako wote?"

"Wewe," Atu akasema, na machozi yakajaa, hayakuanguka. Mkono wake ukanyanyuka. Nilidhani unakwenda kwenye ile kola iliyolowa, maana ulifika karibu kabisa, nusu shibiri. Kisha ukarudi chini peke yake kama mtu aliyekosea mlango. "Ndiyo maana nauliza, Ezron. Ningekuwa sikupendi ningekuwa nimeshajibu kule ndani. Kama ulikuja kwa ajili yangu, hata ukifukuzwa kazi nitakungoja. Nitakuombea kazi mwenyewe. Lakini nijibu."

Akatazama mlima, akatazama viatu vyake.

"Jamani huko nyuma!" Asajile akaita kutoka mlangoni. "Wageni wanangoja!"

Tukarudi ndani. Violet alikuwa amesimama, mkoba begani. "Imekuwa kesi sasa? Mimi nina malori matatu yamelala mpakani."

"Atuganile," Asajile akasema, shingo imezidi kumbana, "nimekuuliza. Tupokee, tusipokee?"

Atu akapiga magoti pale pale. "Baba, jibu langu linasubiri jibu lake. Nimemuuliza jambo, hajasema." Akampa baba yake karatasi kwa mikono miwili.

Asajile husoma polepole, kidole chini ya mstari, midomo inatembea. Alipofika mwisho alianza tena juu. Akampa Mzee Nikodemo. Mzee akavaa miwani.

"Nikodemo... huyu ni mimi!" akasema. "Mimi nimekubali mlima uchimbwe? Mimi ni mtu wa Mlowo! Ng'ombe wangu hawajanywa hapa hata siku moja!"

"Karatasi tu hiyo!" Violet akasema. "Mzee mzima unapaparikia karatasi? Pale mpakani nasaini mia kwa siku, hakuna aliyekufa. Hebu." Akaipokonya. Akaishusha mbali na macho, akaisogeza, na hapo nikamwona akiganda. Aliona wino wa zambarau.

"Ezron."

"Mama mkubwa."

"Mimi niko humu. Namba kumi na nne. Eti kama mwananchi wa hapa." Wigi likatetemeka. "Mimi? Mimi nimeandikwa pamoja na... mimi ninachota maji kwenye chemchemi?"

"Karibu sana kijijini, mama," nikamwambia. "Ndoo ziko nyuma ya jiko."

Akakaa. Hakufuta kiti.

"Kijana," Asajile akasema. Mwanangu si mtu wa ukali. Alipomgeukia Ezron sauti yake ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyotisha. "Binti amekuuliza nini?"

Atu akajibu.

"Nimemuuliza kama siku ile alikuja kuniposa, au alikuja kukusanya sahihi."

"Alikuja kuposa, ni wazi!" Violet akaanza, "mimi mwenyewe ndiye..."

"Mama," Asajile akasema, "ameulizwa yeye."

Tukangoja. Nje kuku wangu mmoja alitaga, akatangaza kwa dunia nzima, akanyamaza, na bado tunangoja. Ezron alikuwa akitazama jembe pale kwenye mkeka. Halafu akainua uso, akamtazama Atu peke yake, sisi wengine tukafutika. Na nitakwambia ukweli, pamoja na chuki yote niliyokuwa nayo dakika ile, niliona kwamba safari hii hatadanganya. Uso ulikuwa umevuliwa kila kitu.

"Nilikuja kukuposa," akasema. "Naapa mbele ya Mungu, Atu. Nilikuwa sijalala siku mbili kwa hofu kwamba watanikataa. Zile fomu zilikuwa garini za shughuli nyingine, wala sikuwaza kitu. Nilikuja kwa ajili yako."

Atu akafumba macho. Mabega yake, yaliyokuwa juu tangu asubuhi, yakashuka, na pembeni ya mdomo pakaja kitu kidogo, mwanzo wa tabasamu. Nikamwomba Mungu kijana yule aishie hapo. Nasema mbele yako, nilimwombea. Funga mdomo, mume wangu. Umefika. Funga.

Lakini mtu akishaanza kusema kweli hajui pa kukata.

"Ila tulipokuwa tunarudi," akaendelea, "tumefika Nanyala, simu ikalia, ofisini wanadai kiambatisho cha mkutano, wanasema ni leo leo. Nikatazama kwenye kiti, majina yapo, simu zipo, sahihi zipo. Nikaona inafaa." Akainua mabega kidogo, kama anayeomba radhi kwa kuchelewa kazini. "Ni watu wa huku kijijini tu, Atu. Sikudhani kuna mtu angeisoma."

Asajile alikuwa hapo. Mimi nilikuwa hapo, na mwandiko wangu. Aliyasema hayo kwetu sote na hakutuona, na hakujua kwamba hakutuona.

Atu akafumbua macho. Lile tabasamu halikuondoka upesi. Lilibaki kidogo pale, kama mgeni ambaye hajaambiwa kwamba shughuli imeahirishwa. Akamtazama Ezron muda mrefu, kola, mikono, ile sura yote aliyokuwa anaiangushia maganda ya maharage.

"Mwanangu," Asajile akasema kwa mara ya tatu. "Tupokee, tusipokee?"

Atu akapangusa shavu kwa kiganja, mara moja tu.

"Niliisoma mimi," akamwambia Ezron. Kisha akamgeukia baba yake. "Tusipokee."